Bandeji Iliyotiwa Wanga

12 Februari

Mke mwenzangu,

Fundi anasema barua huanza na "baada ya salamu". Nimemuuliza, salamu zenyewe ziko wapi mpaka iwe baada yake? Amecheka mpaka kalamu ikamponyoka. Basi shika salamu kwanza: hujambo? Unakula? Usinijibu "nakula, Bibi" kama siku zote. Niambie unakula nini.

Anayeandika ni Fundi cherehani wa mlango wa pili, shangazi yako huyu huyu aliyekushonea sare za shule mpaka ukampita kimo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asiongeze neno lake. Simu yake sitaki kuishika tena. Masikio yangu yamezeeka, na humo ndani kila mtu ananong'ona kama mwizi. Juzi ulipopiga nikawa nakujibu "sijambo, sijambo", kumbe wewe unaniuliza kama mvua imenyesha.

Sasa sikia. Wateja wananichosha. Mtu analeta mashati yake niyapige pasi, anakaa kwenye kiti changu, anaanza: "Bibi Pasi, yule mjukuu wako uliyemsomesha kwa mkaa na wanga, anafanya kazi gani huko?" Namwambia anachungulia. "Anachungulia nini?" Hapo najifanya nanyunyiza maji kwenye kola. Nimekulea tangu mama yako alipotangulia, nikakupeleka shule ambayo mimi sikuuona hata ubao wake, na leo sijui unachungulia nini! Niandikie. Kwa maneno ya mtu, si ya kitabu.

Mimi mzima. Kuna kijidonda kisiginoni, nilikanyaga kaa lililodondoka kwenye pasi. Sikujua mpaka Fundi aliposema "mbona kuna harufu ya nyama?" Miguu yangu siku hizi imekuwa kama ya kuazima, haina habari na mimi. Lakini hakiumi. Usianze.

Bibi yako


1 Machi

Bibi yangu, mke mwenzangu, shikamoo.

Jana nilikula viazi na mayai. Juzi mkate na chai. Nimesema ukweli, usinigombeze.

Kazi yangu ni hii. Mwili wako wote, ngozi, nyama, mpaka moyo, umejengwa kwa vitu hai vidogo sana vinavyoitwa seli. Kwenye nukta moja ya kalamu ya Fundi zinajaa nyingi. Baadhi yake hutembea, na mimi natazama zinavyotembea.

Seli haina mguu wala mkono. Ila ndani yake zimo nyuzi, nyembamba kupita uzi wowote, na ndizo zinazoisimamisha. Bila hizo ingelala bapa kama shati lisilo na mtu. Inapotaka kwenda mahali, nyuzi za upande wa mbele hurefuka na kuisukuma ngozi yake, vile vile unavyopenyeza mkono wako kwenye mkono wa shati uliogandana kwa wanga. Ikishafika mbele kidogo, inashika chini, inang'ang'ania. Kisha nyuzi nyingine zinajikaza, mwili wote unavutwa, na nyuma panabanduka. Inasukuma, inashika, inavuta, inabandua. Inaanza tena.

Mtu akiumia, seli za ukingoni mwa kidonda ndizo hufanya hivyo. Zinatambaa kuelekea katikati zikiwa zimeshikana, za mbele zinazivuta za nyuma, mpaka zinakutana na zile za ng'ambo. Kufunga kwa kidonda ni huko kukutana. Mimi hapa nazikuza kwenye kisahani, nazikwaruza kwa ncha, halafu nakaa nazitazama zikiufunga mkwaruzo. Mara nyingi nasahau hata kula. (Haya, nimesema mwenyewe.)

Kinachonishangaza kuliko vyote ni kwamba seli hupima sakafu. Inavuta kidogo, isikie kama chini panashikika. Nikiziweka juu ya kitu laini, mfano wa uji ulioganda, zinajikunyata, zinakuwa duara, haziendi popote. Nikiziweka juu ya kitu kigumu zinanyooka na kuondoka. Nguvu zinazo, lakini nguvu bila pa kushikilia si kitu.

Waambie hivyo wateja wako.

Na hicho kisigino, Bibi. Kukanyaga moto bila kusikia si jambo la kuchekea, ni ile sukari yako. Vidonge unameza? Nenda zahanati wakisafishe na kukifunga. Kila mara nesi atakapokuita, uende. Niahidi.

Mjukuu wako


22 Machi

Mke mwenzangu,

Fundi amenisomea barua yako, nikamwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia pale pa sakafu. Mpaka akasema, "Bibi, nina gauni la harusi hapa." Nikamwambia bi harusi atasubiri, hajaanza kuchakaa.

Sasa mteja akiuliza, namkalisha. Namwambia: ndani yako kuna watu wadogo hawana miguu, na wanatembea. Wewe una miguu miwili na umeniletea suruali ya wiki iliyopita leo. Jana dereva mmoja alisema, "Bibi, hao watu wadogo wanalipwa?" Nikamjibu wanafanya kazi kukuzidi, na hawajawahi kuniomba niwape shati kwanza walipe baadaye.

Nimefurahi, mwanangu. Nilidhani unafanya kazi ngeni. Kumbe ni kazi ya kunyoosha. Nami nimenyoosha maisha yangu yote. Najua kitambaa kisichokuwa na kitu kigumu chini yake hakinyooki, hata pasi iwe nyekundu kwa moto.

Zahanati nimekwenda. Yule nesi mwenye pete puani amekisafisha, akanifunga pamba na bandeji laini, laini kama nepi ya mtoto mchanga. Nikamuuliza, binti, hawa watu watatembeaje juu ya godoro? Akasema, "Watu gani, Bibi?" Nikaona huyu hajachungulia. Sikutaka kumwaibisha mbele ya wagonjwa.

Hilo nimelirekebisha mwenyewe nyumbani. Usiwe na wasiwasi. Bibi yako si wa kuambiwa jambo mara mbili.

Vidonge nameza. Kidonda kinaendelea vizuri.

Bibi yako


9 Aprili

Bibi, shikamoo.

Barua yako niliwasomea wenzangu kazini na mkuu wetu akaomba nimtafsirie tena pale pa dereva. Anakusalimu sana. Amesema kama mimi ningeeleza kazi yangu vile kwenye mikutano, watu wasingelala.

Nisamehe nimechelewa kujibu. Tumeanza jambo jipya, nami ndiye nimekabidhiwa. Tunazilisha seli sukari nyingi, nyingi kama ilivyo kwenye damu ya mtu mwenye ugonjwa wako, halafu tunazikwaruza. Inasikitisha kuzitazama. Zinasukuma mbele lakini hazishiki, au zinashika zikasahau kubandua. Nyingine zinazunguka pale pale. Mkwaruzo ambao seli za kawaida huufunga kufikia asubuhi, hizi zinauacha wazi.

Kila nikizitazama nakufikiria. Kisha nakumbuka umesema kinaendelea vizuri, nashukuru.

Ulisema umelirekebisha. Umerekebisha nini?

Mjukuu wako


30 Aprili

Mke mwenzangu,

Mkuu wenu naye namsalimu. Mwambie akulipe vizuri.

Hapa kuna joto. Biashara si mbaya, ila wateja wa siku hizi wana haraka. Hawakai. Mtu anaacha nguo mlangoni, anasema "nitapitia baadaye, Bibi", huyo! Hata yule dereva anasimama nje barabarani ndipo ananisalimia. Sijui dunia inakimbilia wapi. Kiti changu kimekaa kitupu kama cha msibani.

Nimepata kahoma kidogo, kakaondoka, kakarudi. Kama mgeni aliyesahau kofia.

Unaniuliza nimerekebisha nini. Mambo ya nyumbani tu. Ningekueleza ungesema unajua zaidi, na kweli unajua zaidi, ila niliyafanya kwa maneno yako wewe mwenyewe kwa hiyo hakuna ubaya.

Hao wa sukari, watafutie njia. Usiwaache wazunguke. Na mtu akizunguka pale pale si kwamba hana akili, labda hajaona pa kushika.

Hiki kidonda changu ni kizuri. Hakiumi hata kidogo.

Bibi yako


6 Mei

Kwa binti yetu,

Ni mimi Fundi. Bibi yako hajui kama naandika. Nimejaribu simu yako hailii.

Aliniapisha nisiongeze neno langu, sikuongeza. Lakini kufuta alinifutisha sana. Kila barua aliyokutumia ilianza na ukweli ndani, kisha akasema, "Hapo futa, mtoto atashindwa kufanya kazi." Nikafuta. Mimi ni mtu mzima na nilifuta.

Tangu ile barua yako ya Machi, kila akitoka zahanati alikuwa anaifungua bandeji ya nesi. Anaitumbukiza kwenye sufuria la wanga, ule mzito wa kola. Anaikamua, anaizungushia kisigino na unyayo kwa nguvu zake zote, na unazijua nguvu za mikono ya bibi yako. Ikikauka inakuwa ngumu kama gamba la kobe. Anaigonga kwa kidole, ko ko ko, ananiambia, "Unasikia? Sakafu hiyo. Sasa watembee." Siku ya zahanati anailowesha maji ya moto, anaivua, anajifunga kitambaa safi cha kumwonyesha nesi. Baadaye akaacha kwenda kabisa. Akasema nesi anaharibu.

Nilimwambia itakubana. Akasema, "Mbona hainiumi?" Ni kweli haikumuuma. Sikujua kwamba kutouma ndiko kulikuwa kubaya.

Jana harufu ilivuka ukuta ikaja mpaka kwenye cherehani yangu. Nikaingia bila hodi, nikaikata bandeji kwa mkasi wangu wa vitambaa. Vidole vya mguu vimekuwa vyeusi na kisigino chote ni shimo. Tulimbeba mimi na yule dereva. Hospitali wamesema damu haikuwa inafika, na uozo umepanda. Wanataka kuukata mguu chini ya goti, upesi, kabla uozo haujapanda tena.

Yeye anasema wasikate mpaka wewe useme. Anasema wewe ndiye unayejua.

Ile barua mimi ndiye niliyeisoma. Niliisoma kama ulivyoiandika.

Fundi


14 Mei

Bibi yangu,

Nimempata Fundi kwenye simu, najua nimekwisha kusema ndiyo na najua wamekwisha kufanya. Uliisikia sauti yangu? Fundi alisema alikuwekea simu sikioni na ukatikisa kichwa, lakini sijui kama ulikuwa unakubali au unasema husikii.

Bibi, sakafu niliyokuwa nasema ni ya ndani. Ni ile ambayo seli zinaikanyaga, na mwili ndio unaoitandika wenyewe. Haiwekwi kwa nje kwa kitambaa. Kisahani changu hakina mishipa wala damu ya kubanwa. Niliandika habari za kisahani nikadhani nimeandika habari za mtu. Nawe ulikuwa na kidonda mguuni huku nikikueleza jinsi kidonda kinavyofunga, na sikuandika sentensi moja ya kusema usifanye lolote kwa haya. Halikunijia hata akilini.

Leo nimekwenda kazini. Zile za kawaida zimefunga. Nilizitazama nikataka kukitupa kisahani ukutani. Sikukitupa, nimekirudisha mahali pake penye joto, kwa sababu ndiyo kazi.

Nimeomba ruhusa nije. Karatasi zangu za kuishi hapa bado zimo mezani kwa watu wa uhamiaji. Wanasema nikitoka kabla hazijatoka, sitaruhusiwa kuingia tena. Nimesema sijali. Nimekwenda mpaka dirisha la tiketi, nikasimama pale watu wananipita. Niambie nije.

Mjukuu wako


2 Juni

Mke mwenzangu,

Fundi amekiri mbele ya kitanda changu kwamba alikuandikia kwa siri. Nimemwambia, mikono yako ni hodari kwa kushona, mdomo ndio umekushinda. Kisha tukalia kidogo. Kisha akala chakula changu cha hospitali, maana mimi sikukitaka.

Mguu wameuchukua. Nimewauliza wameupeleka wapi, wakatazamana kama watoto waliovunja chungu. Nilitaka kujua tu. Ni mguu wangu, umesimama na mimi kwenye meza ya pasi miaka yote hiyo. Na kichekesho ni kwamba sasa hivi ndipo unauma! Ulipokuwepo ulikuwa kimya, umeondoka unapiga kelele.

Barua yako imefika imeloa, wino umetapakaa, Fundi akashindwa kusoma mistari mingine. Acha. Wewe ulieleza vizuri, mimi nikaelewa vizuri. Ningekuwa mjinga nisingeelewa kitu, na mguu ningekuwa nao. Ndivyo ilivyo, na hakuna wa kupigwa hapa. Ukitaka kumpiga mtu njoo unipige mimi niliyemfutisha Fundi.

Lakini usije. Nasema kwa sauti, Fundi andika kwa herufi kubwa: USIJE. Ukija utafanya nini? Utakaa kwenye hiki kibenchi unitazame. Kutazamwa hakujawahi kumponya mtu, na wewe ukiukosa huo mlango utakuja kunichukia nikiwa kaburini, nami kaburini nataka kupumzika.

Jambo lililobaki ni moja. Wamenishona mwisho wa mguu kama unavyoshona mdomo wa mto. Daktari, kijana mstaarabu, shati lake tu limepigwa pasi na adui, anasema: "Bibi, sasa tunasubiri pafunge. Pasipofunga itabidi tukate juu ya goti, na kwa moyo wako huo dhaifu sijui kama utaivumilia operesheni." Nikamuuliza, panafungwa na nani? Akaanza kunieleza. Nikamwambia baba, nyamaza, nawafahamu.

Ni wale wale wa sukari, sivyo? Wale wanaozunguka.

Nawaza, nikiwa nimelala hapa, wako huko chini ya pamba saa hizi, wanasukuma, na mimi mwenye mwili siwezi kuwasaidia hata kwa wanga. Nijibu swali moja, wala usiniandikie habari za kisahani. Safari hii watatembea?

Bibi yako


13 Juni

Bibi, shikamoo.

Nimeandika barua nyingine kabla ya hii, nimezichana. Kila moja ilikuwa na jibu.

Sijui.

Naweza kukuambia kila uzi unavyosukuma na mahali unaposhika. Kuziambia ziende siwezi. Hakuna anayeweza, hapa wala huko. Sukari yako ishuke, usikitoneshe kidonda, wasafishe kila siku. Zaidi ya hapo ni kungoja.

Watakapofungua, usigeuze uso ukutani. Tazama mwenyewe. Kisha mwambie Fundi aniandikie ulichokiona, na asifute kitu.

Mjukuu wako


29 Juni

Mke mwenzangu,

Leo wamefungua. Nesi alisema, "Bibi, fumba macho," nikamwambia fumba wewe.

Nimetazama. Upande wa nje pameshikana, pana mstari mwekundu kama mshono wa Fundi akiwa na haraka. Upande wa ndani, mahali pa upana wa kidole gumba, pako wazi. Panatoa majimaji. Hayana harufu, Fundi ameinama kunusa, maskini, akasema hayana. Daktari ametazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Amesema atatazama tena Ijumaa.

Sikulala vizuri. Naogopa. Hilo nalo Fundi alitaka kuliruka, nimemwambia aandike.

Sijawahi kukaa hivi bila kazi ya mikono. Nimewaomba mashuka niyakunje, wamekataa. Basi nimelala, mikono juu ya blanketi, nasubiri watu ambao sijawahi kuwaona. Wewe huko unasubiri, mimi hapa nasubiri, na Fundi anasubiri kwenye kibenchi na gauni la mtu magotini. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuwasukuma.

Kula. Viazi, mayai, chochote. Hilo angalau unaliweza.

Bibi yako